Miguu Ina Nguvu, Akili Imechoka

Mwanzoni mwa Juni 2025, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya mashindano ya Kombe la Ulaya la wanawake huko Uswisi, beki wa Uingereza Millie Bright alitoa tangazo lililowashangaza wengi. Klabu yake ya Chelsea, ambayo yeye alikuwa nahodha wake, ilikuwa imetoka kutwaa vikombe vyote 3 vya nchini mwao bila kufungwa hata mchezo mmoja katika mashindano hayo. Miaka 2 kabla ya hapo alikuwa ameiongoza timu ya taifa lake hadi fainali ya Kombe la Dunia. Wengi waliamini jina lake lingekuwa miongoni mwa ya kwanza kuandikwa.

Lakini Bright alisema haendi. Alieleza kwamba hana uwezo wa kutoa asilimia 100 ya nguvu zake, si za mwili wala za akili.

Goti lake nalo lilikuwa na matatizo yaliyohitaji kutibiwa. Angeweza basi kutaja goti peke yake, na hakuna ambaye angemwuliza zaidi. Goti hupigwa picha hospitalini, hufungwa bandeji, na mwenye goti bovu huonewa huruma. Akili haifungwi bandeji. Anayesema akili yake imechoka huonekana mvivu, mwoga, au mtu aliyelewa sifa na fedha. Hata hivyo Bright alilitaja goti na akili kwa pamoja, tena hadharani. Baadaye mwaka huo huo alistaafu kabisa kuichezea timu ya taifa.

Je, uchovu huu wa akili ni kitu gani? Kwa nini unawakumba wanawake wanaocheza kandanda katika ngazi ya juu kabisa? Na sisi wazazi, ambao binti zetu sasa wanatoka nyumbani na viatu vya mpira mkobani, tuna la kujifunza?

Kuchoka bila kubeba kitu

Kila mama anaujua uchovu huu, hata kama hajawahi kugusa mpira. Kuna siku unakaa tangu asubuhi ukipiga hesabu za ada ya shule, kumsikiliza mgonjwa, kusuluhisha ugomvi wa watoto na kusubiri simu isiyokuja. Hukulima, hukubeba ndoo, wala hukutwanga. Lakini jioni ukiinuka kupika ugali, mwiko unakuwa mzito kama mchi. Chumvi unatia mara mbili. Mtoto akikuuliza swali dogo, unamkaripia, kisha unajuta.

Huo ndio uchovu wa akili. Ni hali inayompata mtu baada ya kuitumikisha akili kwa muda mrefu bila kuipumzisha: kukaza macho, kuamua, kujizuia, kuwaza. Dalili zake ni kuishiwa hamu, kukosa umakini na kuona kazi ndogo kuwa kubwa.

Mchezo wa mpira ni kazi kubwa ya akili. Kwa dakika 90 beki hutazama mpira ulipo, mshambuliaji anayemlinda, mwenzake wa kulia, mwenzake wa kushoto, na nafasi iliyo nyuma yake. Huamua kila mara: nitoke au nibaki? Nipige mbele au nimrudishie kipa? Akichelewa nusu sekunde, bao limeingia, na maelfu wameliona. Mchezaji huyo hawezi kuiacha akili yake ipumzike huku miguu ikiendelea na kazi.

Majaribio mawili

Kuna watu watakaosema kwamba haya ni maneno tu, kwamba mwenye mapafu na misuli imara atakimbia hata akiwa na mawazo. Wataalamu nao walitaka kujua kama ni kweli.

Mwaka 2009, Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, huko Wales, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu 16 walikaa mbele ya kompyuta kwa dakika 90 wakifanya zoezi la kuchosha akili. Baadaye walipanda baiskeli ya mazoezi na kukanyaga mpaka waliposhindwa kuendelea. Siku nyingine watu hao hao walitazama filamu tulivu kwa muda ule ule, kisha wakapanda baiskeli ile ile. Siku ya uchovu wa akili, kwa wastani walishindwa karibu dakika 2 mapema zaidi. Jambo la ajabu ni kwamba vipimo vya moyo na vya damu havikuonyesha sababu ya kushindwa mapema hivyo. Mwili ulikuwa bado una uwezo. Kilichobadilika ni jinsi walivyoiona kazi yenyewe: tangu mwanzo waliiona nzito zaidi.

Mwaka 2016 Mitchell Smith na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wacheza mpira wenyewe, wanaume. Kwa dakika 30 wachezaji walipewa maneno ya rangi yaliyoandikwa kwa rangi isiyo yake, kwa mfano neno "nyekundu" lililoandikwa kwa kijani, na wakatakiwa kujibu haraka bila kukosea. Siku nyingine walikaa wakasoma magazeti kwa muda huo huo. Baada ya zoezi la maneno walikimbia umbali mfupi zaidi, makosa katika pasi yaliongezeka, na mashuti yao yakapungua kasi na shabaha.

Tazama basi! Ikiwa nusu saa ya zoezi la maneno inaweza kuharibu shuti la mchezaji, mwaka mzima wa mizigo ya moyoni utafanya nini?

Bandu bandu huisha gogo

Wacheza mpira wote huchoka, wanaume kwa wanawake. Lakini ukiyachunguza maisha ya wanawake hawa, utaona kwamba sehemu kubwa ya kinachowachosha haimo ndani ya uwanja. Kuna mizigo ambayo wenzao wa kiume hawaibebi, au huibeba kwa uzito mdogo zaidi.

Mzigo wa kwanza ni kukosa mapumziko. Katika Ulaya, ligi nyingi hufungwa wakati wa kiangazi ili wachezaji wapumzike. Sasa hesabu nasi viangazi 5 mfululizo. Mwaka 2021 kulikuwa na Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2022, Kombe la Ulaya, ambalo Uingereza ilitwaa uwanjani Wembley mbele ya watazamaji 87,192. Mwaka 2023, Kombe la Dunia huko Australia na New Zealand. Mwaka 2024, Olimpiki ya Ufaransa. Mwaka 2025, Kombe la Ulaya tena. Timu ya Hispania ilicheza katika viangazi 4 vya mwisho bila kuruka hata kimoja. Mchezaji hodari huitwa kila mara kwa sababu ni hodari, kwa hiyo aliye bora ndiye anayepumzika kidogo kuliko wote.

Mzigo wa pili ni riziki. Ligi ya wanawake ya Marekani ilipoanza mwaka 2013, mshahara wa chini kabisa ulikuwa dola 6,000 kwa msimu mzima. Ligi kuu ya wanawake ya Uingereza ilikuwa ya kulipwa kikamilifu katika msimu wa 2018/19 tu. Kabla ya hapo wengi walifanya kazi au kusoma mchana na kufanya mazoezi jioni. Mambo yamebadilika kwa wachache walio juu. Lakini wengi duniani bado hurudi kutoka mazoezini wakiwaza kodi ya nyumba.

Mzigo wa tatu ni kupigania haki. Mwezi Desemba 2016 wachezaji wa Nigeria walitwaa ubingwa wa Afrika, kisha wakakaa hotelini mjini Abuja wakigoma kuondoka kwa sababu hawakulipwa posho zao. Mwezi Julai 2023 wachezaji wa Afrika Kusini, mabingwa wa Afrika wakati huo, waligoma kucheza mchezo wa kujipima nguvu kwa sababu ya masuala ya malipo na ubora wa uwanja, siku chache kabla ya kusafiri kwenda Kombe la Dunia. Mwezi Septemba 2022 wachezaji 15 wa Hispania waliliandikia shirikisho lao kwamba hali ndani ya timu inaathiri hisia zao na afya yao, wakaomba wasiitwe mpaka mambo yarekebishwe. Shirikisho liliwajibu kwamba hawatarudi mpaka wakiri kosa na kuomba radhi.

Mwaka uliofuata Hispania ilitwaa Kombe la Dunia. Kati ya wale 15 ni 3 tu waliokuwamo kikosini. Na siku hiyo hiyo ya furaha, wakati wa kuvishwa medali, rais wa shirikisho hilo, Luis Rubiales, alimbusu mdomoni mchezaji Jennifer Hermoso bila ridhaa yake. Mwezi Februari 2025 mahakama ilimtia hatiani na kumtoza faini. Hebu fikiri, msomaji: mwanamke ametwaa kombe kubwa kuliko yote duniani, na badala ya kupumzika na kusherehekea anaingia katika miezi mingi ya maswali, ushahidi na kelele.

Mzigo wa nne ni ndimi za watu. Kwa mujibu wa ripoti ya FIFA kuhusu Kombe la Dunia la 2023, mchezaji 1 katika kila 5 alitumiwa maneno ya matusi, ubaguzi au vitisho kupitia mitandao. Mwezi Julai 2025, wakati wa Kombe la Ulaya, beki wa Uingereza Jess Carter alitangaza kwamba anaacha kuitazama mitandao kwa sababu ya matusi ya ubaguzi wa rangi aliyokuwa akitumiwa tangu mashindano yaanze. Baadaye alieleza kwamba alipoambiwa atacheza fainali aliingiwa na hofu. Alicheza, na timu yake ikatwaa kombe. Lakini ni nani atakayepima alichotumia moyoni mwake ili aweze kutoka chumba cha kubadilishia nguo siku ile?

Mzigo wa tano ni ule wa nyumbani na wa mwili wenyewe: msiba, mimba, malezi, siku za mwezi. Kwa muda mrefu mchezaji aliyeshika mimba aliweza kupoteza mkataba wake. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland, alipokuwa mjamzito, klabu yake ya Lyon ya Ufaransa ilimlipa sehemu tu ya mshahara wake. Ilimbidi ashtaki, na mwaka 2022 FIFA iliamuru klabu hiyo imlipe zaidi ya euro 82,000. Alishinda. Lakini wakati ambapo mama mjamzito anapaswa kuwaza nguo za mtoto, yeye alikuwa akiwaza mishahara ambayo haikuingia benki.

Wazee wetu walisema bandu bandu huisha gogo. Hakuna hata mmoja wa mizigo hii ambao peke yake unamwangusha mtu hodari. Lakini kila mmoja unabandua kidogo.

Aliyeacha, akarudi

Kisa cha Fran Kirby wa Uingereza kinatufundisha mengi. Alikuwa na miaka 14 tu mama yake alipofariki ghafla kwa kuvuja damu kichwani. Mama huyo ndiye aliyekuwa shabiki wake mkubwa. Mtoto aliendelea kucheza, na watu wakadhani amepona. Miaka michache baadaye huzuni ilimshinda. Alipatwa na sonona, akaacha mpira kabisa akiwa na miaka 17.

Hakurudi kwa kusukumwa. Alirudi taratibu, kwanza akicheza na marafiki kwa kujifurahisha tu, mpaka hamu ilipofufuka. Mwaka 2014 aliitwa timu ya taifa, na mwaka 2015 alikuwa katika kikosi kilichoshika nafasi ya 3 katika Kombe la Dunia. Baadaye ugonjwa wa utando unaozunguka moyo ulimweka nje kwa miezi mingi. Mwaka 2022 alikuwa tena nje, safari hii kwa uchovu ambao ulikuwa umemsumbua kwa muda. Klabu yake ilimwacha apumzike bila kumwekea tarehe ya kurudi. Kiangazi hicho hicho alikuwa uwanjani Wembley, bingwa wa Ulaya.

Si kila anayepumzika hurudi na medali. Lakini angelazimishwa kucheza katika miezi ile, huenda tusingekuwa na kisa cha kusimulia.

Hakuwa peke yake. Christen Press wa Marekani, baada ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alitangaza kusimama kucheza kwa muda ili kuangalia afya yake ya akili. Vivianne Miedema wa Uholanzi, ambaye alianza kucheza ligi ya wakubwa akiwa na miaka 15, alipewa likizo na klabu yake ya Arsenal mwezi Novemba 2022 ili aupumzishe mwili na akili.

Na wapo ambao hawakupata nafasi ya kusema. Mwaka 2022, Katie Meyer, mlinda mlango wa timu ya Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alijitoa uhai akiwa na miaka 22. Rafiki yake wa karibu na mchezaji mwenzake wa chuoni, Naomi Girma, binti wa wazazi kutoka Ethiopia, aliitumia safari yake ya Kombe la Dunia la 2023 kuwahimiza wachezaji na makocha wazungumze waziwazi juu ya afya ya akili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Girma hakutaka rafiki mwingine aondoke akiwa amenyamaza.

Kuna mabadiliko. Tangu Januari 2021, kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, akilipwa angalau theluthi 2 za mshahara wake. Mwaka 2022 wachezaji wa ligi ya Marekani walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja, na humo ikaandikwa kwamba mchezaji anaweza kupewa likizo ya afya ya akili yenye malipo, hadi miezi 6. Likizo hiyo sasa ni haki iliyoandikwa, haki ambayo mchezaji haombi kwa machozi.

Na hapa kwetu?

Huenda mwingine akasema, "Hayo ni ya Wazungu wenye mamilioni. Binti yangu anacheza timu ya shule tu." La hasha! Kandanda la wanawake limekwisha kufika mlangoni petu. Twiga Stars walikuwa Morocco mwezi Julai 2025 katika fainali za Afrika, mara yao ya pili baada ya zile za 2010. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika mwaka 2022. Wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya Kenya ya mpira wa miguu kufika fainali za Kombe la Dunia. Clara Luvanga wa Tanzania alijiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Mtoto anayepiga danadana uani leo anaweza kuwa miongoni mwao kesho.

Na binti huyo ana mizigo yake. Huamka alfajiri akafagia na kuchota maji. Huenda shule. Jioni hufanya mazoezi. Akirudi, kaka yake aliyekuwa uwanja huo huo anakaa kusubiri chakula, naye anaingia jikoni. Njiani ameitwa "dume". Shangazi amemwuliza ataolewa na nani. Baba amesema mpira hauna maana, na siku timu iliposhinda akajisifu kwa jirani. Usiku, vyombo vikishaoshwa, ndipo anapofungua daftari. Kesho akikosa penalti, kocha anamwambia hana moyo.

Moyo anao. Tatizo ni kwamba ameutumia wote kabla hajafika uwanjani.

Dalili za kuangalia

Uchovu wa siku moja huondoka kwa usingizi mzuri. Lakini ukiona mambo haya yanadumu kwa wiki 2 au zaidi, usiyapuuze:

1. Mchezo aliokuwa akiupenda sasa anauendea kama adhabu.
2. Analala muda wa kutosha lakini anaamka amechoka, au usingizi haumjii kabisa.
3. Anafanya makosa madogo ambayo hakuwa akiyafanya, uwanjani na darasani.
4. Anakasirika au kulia kwa jambo dogo.
5. Anajitenga na wenzake na hataki kuzungumza.
6. Anaumwa kichwa au tumbo kila inapokaribia siku ya mazoezi.

Tahadhari! Dalili kama hizi huweza pia kutokana na upungufu wa damu, malaria au ugonjwa mwingine. Msichana anayecheza sana, anayekula kidogo na ambaye anaingia mwezini anaweza kupungukiwa damu kwa urahisi. Kwa hiyo mpeleke kwanza kituo cha afya akapimwe. Na akisema kwamba maisha hayana maana, au kwamba afadhali asingekuwepo, usimkemee wala usimwache peke yake. Mtafutie daktari au mshauri siku hiyo hiyo.

Tufanye nini?

Kwanza, msikilize kabla ya kumshauri. Usianze na maneno "enzi zetu". Mwulize, "Leo kilichokuchosha zaidi ni nini?" Kisha nyamaza usikie jibu. Mara nyingi utagundua kwamba si mpira. Ni maneno ya mtu fulani, au ni mtihani, au ni kocha anayemtazama kwa namna isiyofaa. Hilo la mwisho likitajwa, lichukulie hatua bila kuchelewa.

Pili, gawa kazi za nyumbani kwa haki. Mvulana ana mikono miwili kama dada yake. Siku binti anapotoka mazoezini, kaka aoshe vyombo. Hakuna aliyewahi kupungukiwa uanaume kwa kuosha sufuria.

Tatu, weka siku moja katika juma isiyo na mazoezi, wala mashindano, wala mazungumzo ya mpira. Siku hiyo asukwe nywele, aimbe kwaya, atembelee bibi, acheke. Akili hupumzika inapobadilishiwa chakula.

Nne, linda usingizi na simu. Simu isilale kitandani. Baada ya mchezo, hasa timu ikiwa imefungwa, asisome yaliyoandikwa juu yake usiku huo. Watu wazima, tena mabingwa, wameshindwa kuyabeba maneno hayo. Mtoto atayabebaje?

Tano, zungumza na mwalimu wa timu. Kocha mzuri hapendi kuambiwa uongo kwamba mchezaji ana homa. Mweleze kwamba kuna wiki ya mitihani, kuna msiba, au kwamba leo binti yuko katika siku zake na anaumwa. Klabu ya Chelsea, chini ya kocha Emma Hayes, ilianza kupanga mazoezi ya wachezaji wake kwa kuzingatia mzunguko wa mwezi wa kila mmoja. Kama klabu kubwa haikuona aibu kulizungumzia jambo hilo, shule yetu iogope nini?

Sita, mpende hata akifungwa. Mtoto anayesifiwa siku za ushindi tu hujifunza kwamba thamani yake iko miguuni. Siku miguu ikigoma, hubaki hana kitu. Mpokee kwa chakula kile kile na sauti ile ile, awe amefunga mabao 3 au amekaa benchi.

Kupumzika si kushindwa

Katika jamii yetu mwanamke husifiwa kwa kuvumilia. Aliyejifungua asubuhi na kurudi shambani jioni alisimuliwa kama shujaa, na wengi wetu tulilelewa kwa hadithi hizo. Uvumilivu ni kitu chema. Lakini kuna uvumilivu unaojenga, na kuna uvumilivu unaomla mtu ndani kama mchwa alavyo nguzo: nje rangi inang'aa, ndani hamna kitu, na siku nguzo inapoanguka kila mtu huuliza, "Ilikuwaje?"

Mabingwa hawa wanatuonyesha njia nyingine. Wamejifunza kusema mapema, huku bado wamesimama, kwamba wamechoka. Wengine walirudi uwanjani, wengine hawakurudi, na wote walibaki na maisha yao, jambo lililo kubwa kuliko kombe lolote. Mama ambaye binti yake anaweza kumwambia neno hilo bila kuogopa kuitwa mvivu amempa ulinzi ambao hakuna kocha awezaye kumpa. Na pengine, mama mpendwa, binti atajifunza kulisema siku atakapokusikia wewe mwenyewe ukilisema, ukiketi kidogo, na dunia isianguke.